Kinyama Chako Kisitupwe: Namna ya Kuufuata Uvimbe wa Ziwa Ulio Nadra

Mimi ni fundi cherehani wa Wete, Pemba. Nashona magauni ya harusi, sare za skuli na mabuibui, na futi ya kushonea haitoki shingoni mwangu tangu asubuhi mpaka magharibi. Futi hiyo ndiyo iliyonambia kwanza. Mwezi wa Machi 2018 gauni langu la nyumbani lilinikaza upande wa kulia, nikadhani nimekosea kukata. Nikajipima mbele ya kioo, kutoka mfupa wa katikati ya kifua hadi mshono wa kwapa: kulia kumezidi kushoto kwa inchi moja na nusu. Nilipobonyeza nikakuta kinundu kama ndimu, kigumu, laini pembezoni, kinateleza chini ya kidole. Hakiumi. Mei kilikuwa kama danzi. Julai ngozi ya juu yake ilikuwa imekonda, inang'aa, na mishipa ya buluu inaonekana.

Hospitali niliyokwenda mara ya kwanza nitaiacha bila jina. Niliambiwa ni uvimbe wa kawaida wa wanawake, nikaingizwa chumba cha upasuaji, ukatolewa, nikashonwa. Kesho yake nikamuuliza muuguzi, "Kile kinyama kimepelekwa wapi?" Akanijibu kimeshatupwa, hakina neno. Disemba, pale pale penye kovu, kinundu kikarudi, na safari hii hakikungoja miezi. Kwa wiki sita kilinijaa kiganjani.

Naandika haya kwa mwanamke aliyekwisha kushika kinundu chake, na kwa mume, dada au mama anayemsindikiza. Sikusomea udaktari. Ninayoyajua nimeyajua kwa kuuliza, kuuliza tena, na kukaa na madaktari wenye subira tukisoma karatasi zangu neno kwa neno. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia ujue cha kumuuliza na cha kukataa.

Anza na futi

Vinundu vingi vya ziwa si saratani. Kwa wasichana, mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe wa mviringo usio na shari. Tatizo ni kwamba uvimbe nilioupata mimi, uitwao filodi, unafanana nao mno. Mkono hauwezi kuutofautisha, na ultrasaundi na mamografia, yaani eksirei ya ziwa, mara nyingi haziwezi pia: wote mviringo, wote laini pembezoni. Filodi haifiki hata uvimbe mmoja katika kila 100 wa ziwa, kwa hivyo daktari wa hospitali ndogo anaweza kufanya kazi miaka asikutane nao. Tofauti hujionesha kwenye mwendo wake na kwenye umri. Filodi huwapata zaidi wanawake wa miaka ya 40, na mara nyingi hukua kwa haraka.

Basi mpe daktari mwendo huo, umeandikwa. Lala chali, weka mkono wa upande huo chini ya kichwa, shika kinundu baina ya vidole viwili, na mtu mwengine aweke futi juu ya vidole. Andika sentimita, tarehe, ziwa lipi, na mahali pake kama vile ziwa ni uso wa saa: "kulia, saa nne, sentimita 4." Pima tena baada ya wiki mbili. Lakini nenda hospitali tangu siku ya kwanza. Kupima si sababu ya kungoja. Kinachomfanya daktari akae vizuri kitini ni mambo haya: kinundu kimezidi sentimita 3, kimeongezeka ndani ya wiki au miezi michache, mwenyewe ana zaidi ya miaka 35, au kimerudi mahali kilipotolewa. Hapo hata kama kipimo cha kwanza kimesema fibroadenoma, uliza kama si bora kitolewe kizima na kisomwe.

Mavyaa wangu, Mungu amrehemu, alinichemshia mwarobaini na kunikanda kwa kitambaa cha moto. Alifanya kwa mapenzi, na sitamlaumu. Dua tulisoma, kombe nikanywa, na hayo hayakunidhuru. Ila kukandwa kwa moto, kusuguliwa na kuchanjwa juu ya kinundu usikubali, kwa sababu ngozi iliyokwisha kukonda hupasuka ikawa kidonda, na upasuaji baadaye unakuwa mgumu mara mbili. Shangazi yangu ndiye aliyenitoa nyumbani. Aliniambia neno moja tu, "Mficha uchi hazai," akanivisha buibui mwenyewe.

Na kama unaona haya kuvua mbele ya daktari mwanamume, sema pale pale mapokezi kwamba unataka muuguzi mwanamke awepo chumbani, au mtu wako aingie nawe. Ni ombi la kawaida, hutaonekana msumbufu.

Sindano nyembamba na sindano nene

Baada ya ultrasaundi utaambiwa uchomwe sindano. Uliza ni ipi. Sindano nyembamba hufyonza chembe chache, zikapakwa kwenye kioo. Kwa saratani ya kawaida ya ziwa inaweza kusaidia, lakini filodi huipita kirahisi, kwa sababu chembe zilizotawanyika haziwezi kuonesha mpango wa uvimbe. Filodi hutambulikana kwa mpango. Ukikatwa na kutazamwa kwa darubini, huonekana umejikunja kama majani, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la jani. Aliyeupa jina hilo ni Mjerumani Johannes Müller, mwaka 1838.

Sindano nene hutoa kipande cha nyama, chembamba kama uzi wa kudarizi, urefu wa sentimita moja na kitu. Kwanza unachomwa ganzi, halafu unasikia mlio kama wa stepla. Wanachukua vipande kadhaa. Hii ndiyo ya kuomba. Nayo haina uhakika wote, kwani uvimbe mkubwa huwa upole upande mmoja na ukali upande mwengine, na sindano huingia mahali pamoja tu. Jibu langu la Januari 2019 lilisema ni filodi, lakini kiwango cha ukali hakikuweza kutajwa mpaka uvimbe wote utolewe. Nililia, nikidhani wameshindwa. Walikuwa wanasema kweli.

Sindano kabla ya kisu ina faida nyengine ambayo sikuijua mpaka nilipokaa kliniki na wenzangu. Kuna limfoma, saratani ya chembe za kinga, inayoanzia kwenye ziwa, nayo hutibiwa kwa dawa za mishipani, pengine na mionzi. Kulitoa ziwa hakumzidishii mgonjwa kitu. Anayekatwa kwanza na kusomwa baadaye anaweza kupoteza ziwa bure.

Kinyama chako

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipopotezewa miezi mitano.

Kila kinachokatwa kwenye mwili wako kwa ajili ya uvimbe kinatakiwa kwenda maabara ya patholojia. Kila kinachokatwa, hata kama daktari ana hakika, hata kama kimefanana na fibroadenoma elfu alizoziona. Kabla hujatia saini karatasi ya kukubali upasuaji, uliza maswali matatu mbele ya msindikizaji wako: kinyama kitapelekwa maabara gani, nani atakipeleka, na jibu litarudi kwa nani. Jina la atakayekipeleka liandike. Ukiambiwa hakuna haja, omba kwa upole kisha omba tena. Hospitali ikiwa haina njia ya kukipeleka, sema wewe na watu wako mtakipeleka.

Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Mtu wako anakabidhiwa chupa mlangoni kwa chumba cha upasuaji, naye hajui ashike nini. Mume wangu alikabidhiwa ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko, na kwa kuwa tulishaungua mara moja, alikuwa amejifunza. Ajue haya.

Kinyama kinakaa ndani ya formalini, dawa ya maji ya kuhifadhia nyama isioze. Hakikai ndani ya maji, spiriti, maji ya chumvi wala barafu. Maji hukiharibu na barafu hupasua chembe, msomaji wa darubini akabaki anatazama uji. Formalini iwe nyingi, kiasi cha mara kumi ya kinyama, na chombo kiwe na mdomo mpana: kinyama kikikaa na formalini kinakuwa kigumu, kilichopita shingo ya chupa kikiwa laini hakitoki tena. Uvimbe mkubwa unatakiwa kuchanwa na daktari mwenyewe kabla ya kutiwa, kwa sababu formalini huingia polepole na katikati huoza kabla haijafika. Msichane nyinyi. Ulizeni tu, "Umeshachanwa?"

Nje ya chombo, kwenye mwili wa chombo na si kwenye kifuniko, kuwe na jina kamili, umri, tarehe, na ziwa la upande gani. Vifuniko hubadilishana. Pamoja na chombo kuna fomu. Hakikisheni imeandikwa kwamba uvimbe ulikua haraka, na kama ulishawahi kutolewa. Msomaji wa maabara hakuoni wewe. Anaona kipande na fomu, basi. Fomu ikisema "kinundu cha ziwa" na kunyamaza, umemziba jicho moja. Chombo kifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko mwengine, kisimame wima, mbali na chakula na watoto, maana moshi wake huwasha macho na koo. Kifikishwe haraka, kesho kuliko keshokutwa. Mume wangu alipanda boti na ndoo ile magotini mpaka Dar es Salaam, na mkononi ana karatasi iliyogongwa muhuri kwamba ile ni sampuli ya hospitali, ikiwa ataulizwa bandarini.

Kuna jambo moja daktari aliyenipasua mara ya pili, pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, alinionesha kwenye mchoro kabla ya siku yenyewe, nami nikalipenda kama fundi. Kinyama kikishatoka mwilini hakina juu wala chini. Kwa hivyo yeye hukishona nyuzi mbili: fupi upande wa kichwani, ndefu upande wa kwapani. Maabara wakikuta uvimbe umegusa ukingo, wanajua ni ukingo gani, naye anajua arudi wapi. Kila nikitia alama ya chaki kwenye kitambaa kujua mbele na nyuma, namkumbuka mama yule. Uliza kama chako kitatiwa nyuzi.

Ukishapata jibu, omba nakala yako na uiweke nyumbani. Tena ujue kwamba maabara huhifadhi kinyama ndani ya kibonge cha nta, na vioo vilivyosomwa. Ukipewa rufaa ya hospitali nyengine, uliza kama unaweza kwenda na vioo au kibonge. Kwa uvimbe ulio nadra, jicho la pili ni haki yako, na si kumtukana msomaji wa kwanza.

Na kama chako kimeshatupwa kama cha kwangu? Rudi, omba maelezo ya upasuaji kwa maandishi: ukubwa, ulivyoonekana, ulitoka mzima au vipande vipande. Fanya ultrasaundi ya mahali pale baada ya kidonda kupona, na usingoje kinundu kirudi ndipo uwe mgonjwa.

Kusoma karatasi

Karatasi huandikwa Kiingereza, hata hapa kwetu. Tafuta neno linaloanza kwa herufi p-h-y. Hilo ndilo filodi. Kisha tafuta kiwango. Viko vitatu: usio na shari, wa kati, na mbaya, na huu wa mwisho ndio saratani. Ulio mwingi ni wa kwanza. Msomaji huangalia mambo kadhaa kwa pamoja: nyama shikizi, ile inayovishika vijia vya maziwa, imesongamana vipi, chembe zimeharibika sura kiasi gani, ukingo ni safi au umejichimbia, na chembe ngapi zimekamatwa zikijigawa ndani ya maeneo 10 ya darubini. Chini ya 5 huelekea upole, 5 hadi 9 ni kati, 10 na zaidi huelekea ubaya. Karatasi yangu ilisema 18. Uvimbe sentimita 7. Mbaya.

Nilipouliza saratani hii ina tofauti gani na ile ya kina mama wengine, nilielezwa hivi. Ziwa lina vijia vya maziwa, na lina nyama inayovishika vijia hivyo, kama bitana inavyolishika koti. Saratani ya kawaida huanzia kwenye vijia. Filodi inapokuwa mbaya, ubaya uko kwenye ile bitana. Ukilishika hilo moja, mengine yote ya matibabu yanaeleweka.

Neno la mwisho la kutafuta ni ukingo wa kisu, yaani upana wa nyama nzima baina ya uvimbe na mahali kisu kilipopita, umeandikwa kwa milimita. Ukingo wangu uliokuwa karibu zaidi, upande wa kifuani, ulikuwa milimita 12.

Kisu, na upindo wake

Tiba ya filodi ni upasuaji. Pasi ikiunguza satini, fundi asiyejua hukata pale peusi tu. Anayejua hukata na kitambaa kizima kinachozunguka, kwa sababu nyuzi za pembeni zimeshaiva, ukizivuta zinakatika. Filodi hutoa vidole vyembamba vinavyopenya nyama ya jirani bila jicho kuviona. Ndiyo maana kwa ule wa kati na ule mbaya madaktari hulenga kutoa sentimita 1 ya nyama nzima kuuzunguka pande zote. Kuuchomoa wenyewe tu kama punje ya embe, kama nilivyofanywa mimi mara ya kwanza, ni kuacha mbegu. Ikiwa ziwa ni kubwa na uvimbe mdogo, ziwa linabaki. Kwangu halikubaki. Ule usio na shari uliotolewa na ukingo mwembamba, mara nyingi hautaki kupasuliwa tena. Hufuatiliwa tu, kwa hivyo usikimbilie kisu cha pili bila kuuliza.

Kabla ya kupasuliwa, ikiwa inashukiwa ni mbaya, kifua kipigwe picha, eksirei au bora siti-skani. Filodi mbaya hupita kwenye damu, na inapopenda kwenda kwanza ni mapafu.

Uliza pia kuhusu kwapa. Katika saratani ya kawaida ya ziwa hupimwa tezi za kwapani, na pengine hutolewa, na baadhi ya wanawake mkono huvimba baadaye. Filodi huenda kwenye tezi kwa nadra sana. Tezi zikivimba, mara nyingi ni kwa sababu ya ukubwa wa uvimbe tu. Kwa hivyo hazikatwi ovyo. Ikishukiwa tezi, hupimwa kwa sindano kwanza. Nilipoambiwa kwapa langu halitaguswa nilishukuru kuliko nilivyoshukuru kitu chochote mwaka ule. Mkono wa kulia ndio unaozungusha gurudumu la cherehani yangu.

Mionzi, na dawa nisizopewa

Kwa sababu uvimbe ulikuwa mbaya, mkubwa na wa kurudi, nilipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Mionzi hupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi mahali pale. Haizuii ulioanza safari ya mapafu, na ni vizuri kuujua mpaka huo tangu mwanzo. Nilipigwa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku, na nikamaliza kiasi cha wiki moja kabla ya Ramadhani ya 2019. Gharama yenyewe ya safari kama hii ni kukaa: wiki tano na zaidi nje ya nyumba. Tafuta jamaa wa kukupokea kabla hujapanda boti ya Mkoani, si baada. Beba barua ya rufaa, kitambulisho, karatasi ya patholojia, maelezo ya upasuaji na picha za kifua, na nakala nyengine zibaki kwa mtu Pemba.

Utachorwa alama kwenye ngozi, usizisugue. Ngozi hugeuka nyeusi na kuwasha kama iliyounguzwa na jua. Liwa, mafuta ya karafuu, manukato, vyote viache mpaka umalize. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko bendeji yoyote niliyopewa.

Pale kwenye benchi nilikaa na mama wa Unguja aliyekuwa akimeza tamoksifeni kila siku, na mwengine nywele zimemtoka kwa kemo, zile dawa za saratani za mishipani. Mimi sikupewa hata kimoja, nikahisi nimesahauliwa. Nikamuuliza daktari. Tamoksifeni hufanya kazi kwa saratani zinazolishwa na homoni. Ubaya wa filodi uko kwenye bitana, na dawa hiyo haiufikii. Kemo baada ya upasuaji wa filodi haijathibitika kuokoa. Uvimbe ukishafika mapafuni ndipo hufikiriwa, na dawa zake ni zile za sarkoma, yaani saratani zinazoanzia kwenye nyama shikizi, kama doksorubisini na ifosfamidi. Basi usipime tiba yako kwa ya jirani. Muulize daktari, "Kwa jina lililo kwenye karatasi yangu, kwa nini hii, na kwa nini si ile?" Tena usinunue dawa ya mwenzako dukani.

Nyengine ambazo huonekana kwa nadra

Ziko saratani nyengine za ziwa zilizo nadra, na nitazipitia upesi kwa alama zake tu. Alama ya zambarau au nyekundu kama vilio la damu kwenye ngozi ya ziwa, isiyoondoka, hasa kwa aliyepigwa mionzi miaka ya nyuma: hiyo huenda ikawa angiosarkoma, saratani ya mishipa ya damu, na inataka kinyama kichukuliwe haraka. Chuchu yenye ukurutu, ukoko na mwasho upande mmoja, iliyopakwa dawa ya fangasi miezi bila kupona, inaweza kuwa ugonjwa wa Paget, saratani ya chuchu. Ziwa lililowiva na kuvimba lote, ngozi kama ganda la chungwa, likafikiriwa ni jipu: likitibiwa kwa antibiotiki wiki moja au mbili bila nafuu, lisipasuliwe kutafuta usaha tu, lichukuliwe na kinyama. Nacho kinaweza kusema saratani, au kifua kikuu cha ziwa, ambacho kina dawa yake kamili. Karatasi ikisema saratani ya aina ya metaplastiki, ni kali na mara nyingi haisikii homoni. Ikisema adenoidi sistiki, usitishwe na maneno kwamba haina vipokezi vyote vitatu, yaani milango ya chembe ambayo dawa fulani hushikia. Ya ziwani huwa pole, na wengi wanaishi miaka mingi. Na wanaume: karibu mmoja katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya ziwa ni mwanamume. Baba mwenye kinundu nyuma ya chuchu naye aende.

Kuishi baada yake

Niliuliza, "Nitapona?" Daktari hakunificha. Filodi isiyo na shari hurudi kwa mmoja au wawili katika kila wanawake 10. Ile mbaya kwa wawili au watatu. Ile mbaya husafiri mwilini kwa karibu wawili katika 10, na ikishasafiri kuponyeka ni kugumu. Maana yake wengi wa wenye filodi mbaya, ikitolewa vizuri, hawaioni tena. Nilitoka na hesabu hiyo nikaifanya njiani mara nyingi, nikiihesabu kwa vidole ndani ya daladala.

Inayorudi hurudi mapema, zaidi ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza. Kwa hivyo mimi nilipangiwa kila miezi 6 kuguswa na daktari na kupigwa picha ya kifua, kisha mara moja kwa mwaka. Baina ya hapo, mara moja kwa mwezi napitisha vidole juu ya kovu na pembezoni mwake, nikiwa nimejipaka sabuni ili viteleze. Kikohozi kisichokwisha wiki tatu, pumzi kukata, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku: hayo hayangoji tarehe ya kliniki.

Kuhusu nguo, hapa ni kazini kwangu. Ziwa la kitambaa nalishona kwa pamba nyepesi, ndani nikatia sufi, na katikati kifuko kidogo cha mtama uliokaushwa vizuri. Bila uzito wa mtama sidiria hupanda juu upande mmoja, na bega la upande mwengine huanza kuuma. Mtama ubadilishwe kila baada ya miezi michache, usije ukaingia wadudu. Lisivaliwe mpaka kidonda kimefunga kabisa na ngozi ya mionzi imetulia. Na mwanamke akinambia anakwenda kliniki, namshonea blauzi ya vifungo mbele, kutoka shingoni mpaka kiunoni, mikono mipana, ili afungue upande mmoja tu daktari aone, na mwengine ubaki umesitirika. Ya kwanza simtozi.